Kabla ya kuchimba mtaro wa kwanza: permi ya kujenga Lubumbashi

ILUNGA: Jambo yenu wote, karibuni tena. Leo ni siku ya wenye parseli. Kuanzia Ruashi hadi Katuba, na zaidi kule Annexe ambako mji unazidi kupanuka, watu wananunua kiwanja leo na kesho asubuhi lori la mchanga limeshafika. Tunazungumzia permi ya kujenga, yaani ruhusa rasmi ya ujenzi, na kila kitu kinachopaswa kuwa tayari kabla ya jembe la kwanza. Niko na yaya Clarisse.

CLARISSE: Jambo, mdogo wangu. Mimi ningependa tuanzie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu shida nyingi zinazaliwa humo. Mtu anasema, "Karatasi zangu ziko sawa." Mwombe azitandaze mezani. Utakuta fishi ya parseli kutoka komini, yaani manispaa, karatasi ya kuuziana yenye saini za mashahidi watatu, na risiti kadhaa. Hapo bado hajawa na haki juu ya ile ardhi.

ILUNGA: Wengi watashtuka kusikia hivyo.

CLARISSE: Ni heri washtuke leo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Wewe raia unapewa haki ya kuutumia, yaani konsesio. Mkongomani mtu binafsi anaweza kupata konsesio ya daima. Kampuni na mgeni wanapata ile ya kawaida, ambayo muda wake hauzidi miaka 25 na unaweza kufanywa upya. Na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, ile iliyoandikwa juu "certificat d'enregistrement". Sisi tutaiita sertifika. Fishi ya parseli inaonyesha kwamba wewe ndiye unayekaa pale. Ina kazi yake, lakini haikufanyi mwenyewe.

ILUNGA: Sasa tufuate njia yenyewe. Mtu hana sertifika, anaanzia wapi?

CLARISSE: Kama kiwanja kimetoka Serikalini, kwanza anapata mkataba wa upangaji na Serikali, "contrat de location". Huo ni mkataba wa matayarisho, hauzidi miaka 3. Ndani yake kuna masharti ambayo watu hawayasomi: ukalie kiwanja ndani ya miezi 6, na uanze kukiendeleza ndani ya miezi 18 tangu kusaini. Watu wa kadastri, ofisi ya kupima viwanja, wanakuja kupima na kuweka borni, yaani alama za mpaka, wanaandika PV ya kupima, yaani ripoti rasmi. Ukishajenga, wanakuja kuona kama kweli umeendeleza, wanaandika PV nyingine. Hapo ndipo unapewa mkataba wa konsesio, na konservateri, afisa anayetunza kitabu cha hati za ardhi, anakutolea sertifika.

ILUNGA: Kwa hiyo permi ya kujenga inaingia katikati, wakati bado uko kwenye ule mkataba wa upangaji?

CLARISSE: Kwa anayeanza upya, ndiyo. Na hapo watu wanachanganyikiwa. Wanaona mkataba unasema "jenga", wanaelewa kwamba wameruhusiwa kujenga. Mkataba unakulazimisha kuendeleza kiwanja. Permi inasema ujenge nini, wapi ndani ya kiwanja, kwa urefu gani. Ofisi ni mbili, na maswali ni mawili. Mambo ya ardhi yako kwa konservateri na kadastri, mambo ya jengo yako urbanizme, ofisi ya mipango ya mji. Msingi wa urbanizme ni dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, na permi yenyewe ilipangwa kwa amri ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013. Mtu mwenye sertifika safi kabisa anaweza kusimamishiwa shantie, yaani kazi pale anapojenga, kwa sababu hana permi. Na mwenye permi anaweza kupoteza nyumba kwa sababu kiwanja ni cha mwingine. Karatasi moja haiponyi ugonjwa wa nyingine.

ILUNGA: Tukae kidogo kwa anayenunua parseli ya mtu, maana ndiyo hali ya wengi. Anahakikishaje?

CLARISSE: Sertifika ina namba ya volimu, yaani kitabu, na namba ya folio, yaani ukurasa. Usiridhike na fotokopi. Andika zile namba, nenda kwa konservateri wa eneo hilo, omba aangalie kitabu. Lubumbashi ina maeneo ya ardhi zaidi ya moja, kwa hiyo uliza kwanza parseli iko upande gani, usije ukaambiwa "haipo hapa" ukadhani umedanganywa. Angalia jina lililoandikwa. Angalia kama kuna rehani ya benki. Angalia na tarehe: sheria inasema sertifika haiwezi tena kushambuliwa baada ya miaka 2 tangu itolewe. Ikiwa imetoka miezi 4 iliyopita, na muuzaji ana haraka, uliza sana kabla ya kutoa franga moja.

ILUNGA: Na namba ya nyumba kwenye avenyu?

CLARISSE: Ile namba iliyopakwa rangi kwenye mlango wa chuma haihusiani na namba ya kadastri. Kesi nyingi zinaanzia hapo. Unaonyeshwa nyumba namba 14, karatasi ni za parseli nyingine nyuma ya barabara. Mpeleke mpimaji, alinganishe kroki, yaani mchoro wa kiwanja, iliyo kwenye sertifika na borni zilizo ardhini.

ILUNGA: Niongeze kuhusu vipimo. Kwenye sertifika, ukubwa umeandikwa kwa hekta, ari na sentiari. Ari moja ni mita za mraba 100, sentiari moja ni mita ya mraba 1. Ukisoma "0 ha 03 a 00 ca", hiyo ni mita 300 za mraba, mfano mita 15 kwa 20. Chukua utepe wa mita, pima pande nne, kisha pima kona kwa kona. Kwenye mita 15 kwa 20, kona kwa kona lazima ipate mita 25 pande zote mbili. Ikitoka 24 upande mmoja na 26 upande mwingine, kiwanja kimelala, hakina kona za mraba, au kuna borni iliyohama.

CLARISSE: Na borni zinahama kweli. Mtu anajenga uzio, borni inamsumbua, fundi anaing'oa na kuirudisha sentimita 60 pembeni. Uzio wa mita 20 ukisogea wote sentimita 60, ni mita 12 za mraba. Hicho ni chumba kizima! Ndiyo maana uzio nao unatakiwa uulizwe urbanizme kabla ya kuujenga. Watu wanaanza na uzio wakidhani ni kitu kidogo, kumbe ndio unaoamua mipaka ya kila kitu kitakachofuata.

ILUNGA: Na saini za muuzaji?

CLARISSE: Kama ameoa au ameolewa, Sheria ya Familia ya 1987, "Code de la famille", inataka ridhaa ya mume na mke kwa kuuza nyumba au kiwanja. Usikubali "mama yuko kijijini, atasaini akirudi". Kama ni urithi, warithi wote waonekane. Tusonge mbele, hilo lina kipindi chake.

ILUNGA: Basi tufungue dosie, yaani faili, ya permi. Ndani mnawekwa nini?

CLARISSE: Barua ya kuomba, kitambulisho, kopi ya sertifika au ya mkataba ulio hai, na kroki ya kadastri. Kisha plani, ambazo ndizo roho ya dosie. Plani ya mahali, inayoonyesha kiwanja katikati ya barabara na majirani. Plani ya kupanga jengo ndani ya kiwanja, yenye umbali kutoka kila mpaka. Plani ya kila sakafu, sura za nje, kipande cha kukata wima, paa, na plani ya maji machafu. Mara nyingi zinachorwa kwa skeli ya 1/100 au 1/50. Halafu makadirio ya vifaa na gharama. Ukipanda ghorofa, wanataka na mahesabu ya mhandisi kuhusu betoni na vyuma, pamoja na uchunguzi wa udongo.

ILUNGA: Wapi dosie zinakwama?

CLARISSE: Kwenye ile plani ya kupanga jengo. Mchoraji amekaa ofisini, hajawahi kukanyaga parseli. Anachora kiwanja cha mraba kamili, na kile cha kweli kimebanwa upande wa nyuma. Mkaguzi anapima, nyumba inatoka nje ya mstari wa kujengea, dosie inarudi. Nenda urbanizme mapema uulize ule mstari, wao wanauita alinyema. Uliza umbali kutoka barabarani, kutoka kwa majirani, na ni sehemu gani ya kiwanja unaruhusiwa kufunika kwa jengo. Omba upewe kwa maandishi, kisha ndipo mchoraji ashike kalamu. Watu wanafanya kinyume: wanachorewa nyumba nzuri ya vyumba vitano, halafu wanaanza kutafuta kiwanja kiikubali.

ILUNGA: Kuna na zile sehemu zisizojengwa kabisa.

CLARISSE: Chini ya nyaya kubwa za SNEL, kando ya reli ya SNCC, juu ya bomba kubwa la REGIDESO, kando ya mto na kwenye bonde lake. Ukiona parseli kubwa ya bei rahisi na juu yake kuna nyaya za mnara, ile bei tayari imekupa jibu. Hata kama muuzaji ana karatasi, hata kama jirani amejenga. Jirani aliyejenga hajakuwa ruhusa.

ILUNGA: Sasa tuzungumze maji machafu, kwa sababu hapa naona watu wanajidhuru wenyewe. Wanachimba kisima au forage, kile kirefu cha mashine, upande mmoja, fosi septiki, shimo la maji ya choo, upande mwingine, wanasema kiwanja ni kikubwa. Kipimo kinachofuatwa na watu wa afya na maji ni mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji ya ardhini, na chini ya shimo ibaki angalau mita 1.5 kabla ya kufika kwenye maji. Turudi kwenye ule mfano wa mita 15 kwa 20. Kona kwa kona ni mita 25. Hata ukiweka kisima kwenye kona moja na shimo kwenye kona ya mbali kabisa, mita 30 hazipatikani.

CLARISSE: Na bado hujahesabu shimo la jirani, ambalo huenda liko mita 4 nyuma ya ukuta wako.

ILUNGA: Ndiyo. Kwa hiyo kwenye parseli ndogo, chora kwanza vyoo vya majirani wote wanne kwenye plani yako. Kama mita 30 hazipo, shughulikia maji ya bomba, au mkubaliane majirani kadhaa forage moja mahali panapofaa. Fosi yenyewe iwe na vyumba viwili, cha kwanza kikubwa zaidi, karibu theluthi mbili za ujazo wote. Iwe na mifuniko inayofikika, usije ukaimwagia sakafu ya garaji juu yake. Bomba la hewa lipande juu ya paa. Na maji ya mvua yasiingie humo hata kidogo.

CLARISSE: Maji ya mvua yana hesabu yake. Paa la mita 100 za mraba, mvua ikishuka milimita 50, ni lita 5,000. Mvua moja! Plani lazima ionyeshe lita hizo zinakwenda wapi. Katika nyumba nyingi zinakwenda kwa jirani, kupitia tundu lililotobolewa chini ya uzio.

ILUNGA: Yaya, udongo. Umesema uchunguzi wa udongo ni kwa ghorofa. Na nyumba ya chini, isiyo na ghorofa?

CLARISSE: Kwa nyumba ya chini, chimba mwenyewe. Mashimo matano, moja kila kona ya nyumba na moja katikati, yafike mita 1 au 1.5. Hapa kwetu Katanga kuna sababu ya pekee: vichuguu. Vile vikubwa vya mchwa vinavyofika mita kadhaa kwenda juu na zaidi ya mita 10 kwa upana chini. Mwenye parseli anakisawazisha, udongo wake anautengenezea matofali, ni udongo mzuri kwa tofali kwa sababu unashikana. Lakini kitako cha kichuguu kinabaki ardhini. Halafu nyumba inakaa nusu juu ya kitako, nusu juu ya udongo mwekundu wa kawaida.

ILUNGA: Na udongo ule wa mfinyanzi unavimba mvua ikija, unanywea kiangazi.

CLARISSE: Mwezi wa 11 unanyanyua, mwezi wa 8 unashusha. Baada ya miaka michache ufa unatoka kwenye kona ya dirisha unapanda mshazari mpaka kwenye mkanda wa betoni. Fundi anauziba kwa simenti, unarudi. Dawa yake ni kabla ya msingi: ondoa udongo wote wa kichuguu mpaka ufike kwenye ule wa asili na ujaze vizuri kwa tabaka zilizoshindiliwa, au sogeza nyumba. Kitu muhimu ni nyumba nzima ikae juu ya udongo wa aina moja. Ndiyo maana mimi nasema kichuguu kichorwe kwenye plani ya kupanga jengo, hata kama kimeshasawazishwa. Mwenye nyumba wa kesho hatakiona.

ILUNGA: Makadirio nayo yana maana zaidi ya kupigwa muhuri. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Kuta za nje ni mita 44, tuseme za ndani mita 16, jumla 60. Ukimwaga betoni ya msingi yenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20, unapata mita za ujazo 7.2. Betoni ya kilo 350 kwa mita ya ujazo ni mifuko 7 ya kilo 50. Zidisha, ni mifuko 50 na kidogo, tuseme 51. Fundi akikuambia 30 inatosha, uliza ile 21 imekwenda wapi. Ukiona makadirio yanasema 90, uliza vilevile.

CLARISSE: Na simenti hiyo ipewe maji kwa kipimo. Betoni inayomiminika kama uji imeshapoteza nguvu.

ILUNGA: Dosie imekamilika. Malipo?

CLARISSE: Ofisi inatoa noti ya malipo, unalipa benki, unabaki na bordero, risiti ya benki. Ada inafuata ukubwa na aina ya jengo. Pesa ya mkononi bila noti haikuletei permi, inakuletea mtu atakayerudi mwezi ujao. Wakaguzi wanakuja kutazama kiwanja, wanaandika ripoti. Kuwa na kopi ya kila kitu, na kwenye kopi yako waandike tarehe ya kupokea na muhuri. Bila tarehe hiyo huna namna ya kuonyesha dosie imekaa muda gani.

ILUNGA: Wakati gani wa mwaka ni mzuri kuipeleka?

CLARISSE: Mvua zinaisha karibu mwezi wa 4. Unataka mtaro uchimbwe mwezi wa 5, udongo ukiwa umetulia. Peleka dosie mwezi wa 1, plani ziwe zimeshachorwa kabla ya Noeli. Anayeanza kutafuta permi mwezi wa 5 anaipata mvua zikikaribia, anakosa subira, anachimba kabla ya saini.

ILUNGA: Na ndipo unapoona msalaba mwekundu ukutani, alama ya wakaguzi.

CLARISSE: Ndiyo. Mkaguzi akifika, mwombe kwa heshima akuonyeshe ordre de mission yake, yaani barua ya kutumwa kazini, angalia jina, ofisi na tarehe. Ikiwa halali, mwonyeshe permi na plani zenye muhuri. Zikae shantie, kwenye mfuko wa plastiki, usizifungie nyumbani. Ukipewa PV ya kusimamisha kazi, simamisha. Soma sababu iliyoandikwa. Kama ni karatasi inayokosekana, inarekebishika. Kama ni mstari wa kujengea umevukwa, kubomoa mita mbili za msingi leo ni siku moja ya kazi. Kubomoa ukuta uliofika kwenye paa ni kitu kingine kabisa.

ILUNGA: Wengi wanapata permi ya nyumba ya chini, halafu wanaacha vyuma vya nguzo vimesimama juu ya paa, "tutapandisha baadaye".

CLARISSE: Hilo linanitia hofu sana. Permi ya nyumba ya chini haijumuishi ghorofa. Ghorofa ni ombi jipya, kwa mahesabu mapya, kwa sababu msingi ulihesabiwa kwa uzito mwingine. Ile betoni ya sentimita 20 uliyotaja inabeba ukuta wa tofali na bati. Haikuhesabiwa kwa dali ya betoni, yaani sakafu ya ghorofa, ambayo kila mita ya mraba yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa karibu kilo 375 kabla hujaweka hata kiti. Dali ya mita 100 za mraba ni tani 37 na nusu. Ukijua utapandisha, sema tangu mwanzo. Mhandisi ahesabu msingi na nguzo za ghorofa, permi iombwe kwa ghorofa, ujenge chini kwanza kadiri ya uwezo. Na permi ina muda, umeandikwa juu yake. Ukiona muda unakwisha na hujamaliza, rudi ofisini kabla ya tarehe.

ILUNGA: Na ukibadilisha kitu njiani? Mfano umeamua jiko lihamie upande mwingine.

CLARISSE: Ukuta mwepesi wa ndani, mwulize mchoraji. Ukigusa nguzo, ngazi, fosi, paa, au umbali kutoka kwa jirani, peleka plani iliyorekebishwa. Dirisha kwenye ukuta wa mpaka usiliweke hata ukiona jirani hajajenga. Atajenga, na atakuziba, na kesi utashindwa.

ILUNGA: Msikilizaji mmoja ametuuliza kuhusu nyumba iliyokwisha kujengwa zamani bila permi, ana sertifika. Afanye nini?

CLARISSE: Aende urbanizme mwenyewe kabla hawajamfuata, aulize njia ya kurekebisha. Achukue mpimaji na mchoraji, wachore nyumba kama ilivyo, na fosi, na umbali halisi kutoka kila mpaka, hata ule unaomtia aibu. Akificha sentimita 40 kwenye plani, mkaguzi atazikuta kwa utepe. Kama kuna ufa, aonyeshe mhandisi kwanza, aweke alama kwa penseli mwisho wa kila ufa na kuandika tarehe, aangalie tena baada ya mvua. Ufa uliopita ile alama unaendelea kutembea, na hapo msingi ndio wa kushughulikiwa kwanza, dosie ya rangi na muhuri itafuata.

ILUNGA: Yaya Clarisse, aksanti sana. Juma lijalo tutazungumza urithi wa parseli na saini za warithi. Ukitaka kutuma swali, tuandikie umbali wa fosi yako na kisima chako, tutahesabu pamoja hewani.